Gari la Fahari na Hesabu ya Nyumbani

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi mwaka 2023, katika mji wa Lexington, jimbo la Kentucky huko Marekani, bwana mmoja mzaliwa wa Uvira alirejea nyumbani kutoka duka la magari akiwa na karatasi mbili mkononi. Alizitandaza juu ya meza ya chakula, akaziwekea kikombe zisijikunje, kisha akamwita mkewe aliyekuwa jikoni. Karatasi ya kwanza ilionyesha gharama ya kununua gari jipya aina ya Mercedes-Benz kwa mkopo wa miezi 60. Ya pili ilionyesha gharama ya kulikodi gari hilo hilo kwa miezi 36. Ya kwanza ilidai dola 1,160 kila mwezi, na ya pili dola 952. Gari lilikuwa moja, rangi moja, viti vya ngozi vile vile; na bwana alikuwa amekwisha kuipigia mstari ile namba ndogo.

Yafaa msomaji wa nchi za Maziwa Makuu afahamishwe kwanza jinsi mambo yanavyokwenda huko. Mtu wa kawaida wa Bujumbura, Kigoma au Uvira atakaye gari hutafuta lililokwisha kutumika ng'ambo, na aghalabu hulilipia fedha taslimu alizozikusanya kwa miaka mingi. Marekani watu wengi hununua kwa mkopo, na wapo wengine wasionunua kabisa. Hawa huenda dukani, wakachukua gari jipya lenye harufu ya kiwandani, wakalitumia kwa miaka 2 au 3 huku wakilipa kila mwezi, kisha wakalirudisha kwa mwenyewe na kuchukua jingine. Mtindo huo umeenea zaidi katika magari ya fahari, hasa ya Kijerumani, kwa sababu bei yake ya kununua huwatisha hata wenye mishahara mizuri. Si ukodishaji ule wa teksi au wa gari la harusi la siku moja. Ni mkataba mzito, wenye kurasa nyingi, na tangu mwaka 1976 ipo sheria ya taifa inayomlazimisha mwenye kukodisha aandike waziwazi masharti na malipo yote kabla mteja hajatia sahihi.

Bwana huyo alikuwa na miaka 50. Alifanya kazi katika karakana ya vipuri vya magari, maili 35 kutoka nyumbani, yaani kilomita zipatazo 56. Mkewe alifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Waliishi na watoto wao watatu, na mbele ya nyumba ilisimama Toyota yao kuukuu, ambayo mlango wake wa nyuma ulifunguka kwa ndani tu. Lexington ni mji uliopokea Wakongo wengi, na Kiswahili husikika humo makanisani, viwandani na kwenye foleni za madukani. Kwa hiyo mtu hawezi kusema kwamba gari lake halionwi na watu wa kwao.

Haja yake ya gari la fahari haikuwa ya jana. Alipokuwa mtoto, baba yake alivua ndagala katika Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi wa mtu mwingine. Usiku kucha mzee alikuwa majini. Alfajiri mwenye mtumbwi alisimama ufukoni na beseni lake, akachukua fungu lake kwanza. Palipokuwa na samaki wengi fungu hilo halikuuma. Palipokuwa na samaki haba liliuma sana, maana mtumbwi hula fungu lake hata siku ambayo watoto wa mvuvi hawali. Katika mji huo huo alipita mara kwa mara mkubwa mmoja ndani ya Mercedes-Benz nyeusi, na watoto walikimbia nyuma ya vumbi lake. Kule upande wa pili wa ziwa, Afrika ya Mashariki, watu wa namna hiyo walikwisha kubandikwa jina la Wabenzi, kana kwamba ni kabila.

Mwaka 1996 vita vilipofika Uvira, yeye na mkewe mchanga walivuka ziwa. Wakapokewa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka huo huo katika wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma. Huko waliishi miaka 16. Ardhi iliyokuwa chini ya kibanda chao haikuwa yao. Turubai lilikuwa la kupewa, unga ulikuwa wa kupimiwa, na hata kutoka nje ya kambi kulihitaji kibali. Walipofika Marekani mwaka 2012, nyumba ya kwanza ilikuwa ya kupanga, na mzigo wa kwanza walioandikiwa karatasi ulikuwa deni la nauli ya ndege iliyowaleta. Mtu aliyepitia hayo, akitamani siku moja kushika usukani wa kitu kizuri kilicho chake, asihukumiwe haraka kuwa ana majivuno.

Lakini hapo ndipo penye ajabu ya habari hii, kwa sababu karatasi aliyoipenda ni ile ya kukodi.

Alikuwa na sababu, nazo hazikuwa za kipumbavu. Kila mwezi nyumba hiyo hutuma dola 200 Uvira kwa mama yake, ambaye ni mzee na macho yake yamefifia. Tofauti ya karatasi zile mbili ilikuwa dola 208. Bwana aliona kama mkono wa Mungu umepanga: akikodi badala ya kununua, atapata gari, na mama atapata fedha yake, na mwezi utafungika bila mtu kuumia. Tena kijana wa dukani, ambaye alikuwa na adabu na hakusema uongo wowote, alimwuliza swali moja tu tangu mwanzo: kwa mwezi unaweza kulipa kiasi gani? Baada ya swali hilo, bei ya gari haikutajwa tena. Ilikuwa dola 60,000, nayo ilikaa pembeni ya karatasi kwa maandishi madogo, kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

Alikuwa pia na mifano miwili. Rafiki yake mmoja, Mkongo mwenzake mwenye kampuni ndogo ya kuwapeleka wagonjwa hospitali, amekodi magari ya fahari mara mbili mfululizo na hajajuta. Na jirani yao mwingine alikodi gari mwaka 2019. Mkataba wake ulipokwisha mwaka 2022, magari yalikuwa yameadimika kwa sababu viwanda vilikosa vile vipande vidogo vya elektroniki vinavyohitajika katika kila gari la siku hizi, na bei ya magari yaliyotumika ilikuwa imepanda mno. Mkataba ulimruhusu kulinunua gari lile kwa bei iliyoandikwa miaka 3 kabla, akalinunua, na papo hapo likawa na thamani kubwa kuliko alicholipa. Habari ya jirani huyo ilisimuliwa katika kila kikao cha kahawa mwaka mzima.

Mkewe aliisikiliza mifano yote miwili huku akikausha mikono. Mama huyu ni mweka hazina wa upatu wa wanawake 14, na katika miaka 6 hajapotea hata senti moja katika daftari lake. Aliketi, akavuta karatasi ya kukodi, akauliza:

“Baba watoto, hii 952 imetoka wapi?”

“Imetoka kwenye mashine yao.”

“Mashine imeambiwa nini?”

Bwana hakujua. Wakapiga simu kwa binti yao wa kwanza, mwanafunzi wa uhasibu, aliyekuja jioni na kuifungua hesabu ile kama mtu anayefungua saa. Hesabu yenyewe si ngumu, nayo yafaa kuelezwa, maana wengi huikubali bila kuiona.

Mwenye kukodisha hukadiria kwanza gari litakuwa na thamani gani siku ya kurudishwa. Hili lilikadiriwa kubaki na asilimia 57 ya bei yake, yaani dola 34,200. Basi katika miaka 3 litakuwa limepoteza dola 25,800, na hasara hiyo ndiyo anayoilipa mkodishwaji: gawanya kwa miezi 36, utapata dola 717 kwa mwezi. Juu yake huwekwa gharama ya fedha, ambayo ni riba kwa jina jingine. Huandikwa kwa namba ndogo mno isiyomtisha mtu. Katika karatasi ile iliandikwa 0.0025. Binti aliwaonyesha kwamba ukiizidisha namba hiyo kwa 2,400 utapata riba ya mwaka inayofahamika, nayo ni asilimia 6. Kwa mwezi ilifanya dola 235 na nusu. Jumla, 952, kabla ya kodi ya jimbo na ada za mwanzo na za mwisho.

Kumbe basi anayekodi hununua jambo moja mahususi: ile miaka ya kwanza ambayo gari hupoteza thamani kwa kasi kuliko wakati mwingine wote wa maisha yake. Gari jipya aghalabu hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya thamani yake katika mwaka wa kwanza, na magari ya fahari hayana huruma katika jambo hilo. Mwenye kukodi hula utamu wa upya, na hulipa uchungu wa upya.

“Ndiyo wizi wenyewe,” alisema mama.

Binti akakataa. Hapa ndipo alipowastaajabisha wazazi wake. Akachukua karatasi ya kununua, akahesabu deni litakalobaki baada ya miezi 36 ya kulipa dola 1,160. Lingebaki dola 26,200 hivi. Wakiliuza gari siku hiyo kwa zile dola 34,200, wangebaki na 8,000 mkononi. Lakini ili wazipate hizo 8,000, wangekuwa wamelipa dola 208 za ziada kila mwezi kwa miezi 36, yaani dola 7,500 kasoro kidogo. Tofauti ya njia zote mbili, kwa mtu atakayeachana na gari baada ya miaka 3, ilikuwa dola 500 na ushei. Kwa gari la dola 60,000, huo si utajiri wala si wizi.

Wote watatu wakanyamaza kidogo. Maana katika vikao vya kahawa kuna vyama viwili: chama kinachosema kukodi ni kutupa fedha, na chama kinachosema kununua ni ushamba. Hesabu ya mezani haikuwa ya chama chochote. Ilisema kwamba njia hizo huachana tangu mwaka wa nne na kuendelea. Aliyenunua kwa miezi 60 humaliza akiwa ametoa dola 69,600, na kama atalitunza gari lake miaka 10, miaka 5 ya mwisho hataidai benki wala benki haitamdai. Aliyekodi, akimaliza gari la kwanza na kuchukua la pili na la tatu, atalipa dola 952 za leo kila mwezi bila mwisho; katika miaka 10 zitapita dola 114,000, na siku ya mwisho atarudi nyumbani kwa basi. Ni kweli kwamba mwenye gari la miaka 10 atakuwa amelala karakana mara kadhaa, na fundi wa gari la fahari hana bei ya mtaani. Hata hivyo matengenezo yangepaswa kuwa makubwa sana ndipo yafikie pengo hilo.

Bwana akasema kwa sauti ya chini kwamba hakika asingelitunza gari miaka 10, maana anajijua. Toyota ameitunza kwa sababu hakuwa na njia. Hilo lilikuwa neno la kweli, na mtu anayelisema mbele ya mkewe astahili heshima. Ikiwa mtu atataka gari jipya kila baada ya miaka 3, kukodi ni njia ya haki ya kugharimia tamaa yake. Walau makadirio ya thamani yakikosea kwa kushuka, hasara humpata mwenye gari, na yakikosea kwa kupanda, kama yalivyompandia yule jirani, mkodishwaji anaweza kununua kwa bei ya zamani.

Ikaonekana kana kwamba karatasi ya pili imeshinda. Mama watoto akageuza ukurasa.

Nyuma yake yaliandikwa masharti. Maili 10,000 kwa mwaka. Kila maili itakayozidi, senti 25.

Mama hakuhitaji binti. Maili 35 kwenda kazini, 35 kurudi, siku 5 kwa juma: maili 350. Kwa majuma 50 ni maili 17,500, na hapo hajaenda mtu kanisani. Kila mwezi kuna harusi au msiba au ubatizo Louisville, mji ulio umbali wa saa moja na zaidi, na Wakongo wa miji hiyo miwili hawaachi kutembeleana. Akaweka maili 20,000 kwa mwaka, naye mumewe akakubali kwamba hazikuzidishwa. Kwa miaka 3 ni maili 60,000. Mkataba unaruhusu 30,000. Maili 30,000 za ziada kwa senti 25 ni dola 7,500.

“Igawe kwa miezi 36,” alimwambia binti.

Jibu lilikuwa dola 208 na senti 33.

Ilikuwa ile ile fedha ya mama wa Uvira. Haikuwa imeokolewa; ilikuwa imefichwa mwishoni mwa mkataba, ikimngoja mzee siku ya kurudisha ufunguo, idaiwe yote kwa mara moja. Bwana aliitazama namba ile kwa muda mrefu. Baadaye alimwambia mkewe kwamba saa hiyo alimkumbuka mwenye mtumbwi na beseni lake.

Ingewezekana, ni kweli, kununua maili zaidi tangu mwanzo, na kwa kawaida huwa nafuu kuliko kuzilipia mwisho. Lakini malipo ya mwezi yangepanda, na thamani itakayobaki ingeshuka, na faida ya karatasi ya pili ingekufa mikononi. Tena kulikuwa na jambo la dhamana ya kiwanda. Sifa kubwa ya kukodi, kama rafiki mwenye kampuni alivyozoea kusema, ni kwamba gari halitoki katika dhamana, ambayo kwa magari hayo ya Kijerumani ni miaka 4 au maili 50,000, lolote litakalotangulia. Kwa rafiki huyo, ambaye huendesha maili 8,000 tu kwa mwaka, miaka 4 ndiyo hutangulia, naye hulirudisha gari mapema. Kwa bwana wa maili 20,000, dhamana ingekwisha baada ya miaka 2 na nusu. Miezi 6 ya mwisho angekuwa akilipa kodi ya gari la mtu na kulitengeneza kwa fedha yake.

Na huyo rafiki alikuwa na siri nyingine isiyosemwa kwenye kahawa. Yeye ana biashara. Sehemu ya kodi ya gari inayohusu biashara hupunguzwa katika hesabu yake ya kodi ya serikali. Mtu wa mshahara hapati nafuu hiyo. Kuvaa kiatu cha mwenzako kwa kuwa kinang'aa, bila kuutazama mguu wako, ndiko kulikowaumiza wengi katika jambo hili la magari.

“Basi tununue,” alisema bwana. “Angalau litakuwa letu.”

Mkewe hakumcheka. Akamwonyesha karatasi ya kwanza, mahali palipoandikwa kwamba jina la benki litaingizwa katika hati ya gari mpaka deni litakapokwisha, na kwamba miezi ikipita bila malipo benki ina haki ya kulichukua. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mama watoto akaongeza kwamba hapo mezani kulikuwa na nguo mbili za kuazima, na tofauti ilikuwa urefu wa pindo. Neno hilo lilimchoma mumewe. Akainuka, akatoka, akaketi ndani ya Toyota akiwa ameuzima mlango, na hakurudi mpaka taa za barabarani zilipowaka.

Wanawake wengi wangeliishia hapo, wakahesabu wameshinda. Huyu alitoka akamfuata, akaketi kiti cha pembeni. Alimweleza kwamba hakuwa akilikataa gari. Alikuwa akiogopa mwezi mmoja. Katika mkataba wa kukodi, mtu hawezi kusema mwezi huu nimefiwa, nitalipa mwezi ujao mara mbili, kama wanavyofanya wanawake wa upatu. Wala hawezi kulirudisha gari katikati ya mkataba na kuomba radhi. Kuvunja mkataba kabla ya wakati huweza kugharimu maelfu ya dola. Akatoa shauri. Kuanzia Aprili, kila mwezi waweke dola 950 katika akaunti ya pembeni, kana kwamba gari limekwisha kuwapo. Waendelee na Toyota, na mama wa Uvira atumiwe zake kama kawaida. Baada ya miezi 12 watajua kama nyumba yao inabeba gari hilo au haiwezi. Wakiweza, yeye mwenyewe atakwenda naye dukani.

Bwana alikubali, kwa shingo upande.

Aprili waliweka 950. Mei waliweka 950. Juni kaka wa mama watoto alifariki Uvira, na msiba haungoji, waliweka 400. Agosti ilikuwa karo ya binti. Desemba jiko la joto la nyumba lilikufa usiku wa baridi kali, na fundi alidai fedha yake kabla hajavua koti. Hata ilipofika Machi 2024, miezi 7 walikuwa wametimiza na miezi 5 walikuwa wamepungukiwa, kila mara wakiweka 400 tu. Mama alileta daftari lake mezani na hakusema neno. Bwana akahesabu mwenyewe. Mara 5 katika mwaka mmoja angekuwa amesimama mbele ya mwenye mtumbwi bila samaki.

Lakini akaunti ilikuwa na dola 8,650, na hizi hazikuwa za mtu yeyote ila zao. Pamoja na akiba ya zamani ya dola 4,000, zikawa 12,650. Katika miaka yote 12 ya Marekani hawajapata kuwa na fedha kiasi hicho mahali pamoja.

Ndipo binti alipotaja kundi la magari ambalo wazazi hawakuwa wamelifikiria: yale yaliyorudi kutoka kukodishwa. Kila mwaka magari mengi ya fahari ya miaka 3 au 4 hurudishwa madukani yakiwa yametunzwa, kwa kuwa waliokodi waliogopa kutozwa faini za mikwaruzo na tairi zilizolika. Hasara ya miaka ya kwanza imekwisha kulipwa na mtu mwingine. Baadhi yake hukaguliwa na kuuzwa pamoja na dhamana ya ziada. Ukitaka kujua ni nani hufaidika zaidi na ukodishaji wa magari ya fahari, usimtafute aliyekodi wala aliyenunua jipya. Mtafute anayefika wa pili.

Aprili 2024 walinunua Lexus ES ya mwaka 2020 kwa dola 31,000. Si Mercedes-Benz. Bwana alikuwa ameliendesha mara tatu kabla ya kukubali, na kilichomlainisha, kwa maneno yake mwenyewe, ni kule kujua kwamba kiwanda cha Toyota cha Georgetown, mji jirani na Lexington, kilianza kuunda Lexus ES mwaka 2015, na kwamba watu anaowajua walishika misumari ya magari hayo. Walitoa dola 11,000 taslimu. Zilizobaki 20,000 walikopa kwa riba ya asilimia 7 kwa miezi 48, na malipo ya mwezi yakawa dola 479. Toyota ilibaki kwa mama watoto, mlango ukatengenezwa. Waliacha dola 1,650 katika akaunti, na mama alikataa zisiguswe hata kwa bima.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi Louisville. Bwana aliliosha gari mara mbili, asubuhi na tena kabla ya kuondoka, ingawa wingu la mvua lilikuwa limetanda. Walipofika aliegesha mbali kidogo na magari mengine, na vijana wakaja kulitazama, wakapiga miluzi, wakafungua mlango na kunusa ngozi ya viti. Mzee mmoja aliyekuwa Nyarugusu pamoja nao, tena kibanda cha tatu kutoka chao, alilizunguka gari lote akiwa na mkono mgongoni. Kisha akauliza kwa sauti ambayo wote waliisikia:

“Mdogo wangu, hili ni lako au ni la benki?”

Mama watoto aliinamisha kichwa kutafuta kitu katika mkoba wake. Bwana akafuta tone la kwanza la mvua juu ya boneti kwa kiganja.

“Mpaka Aprili 2028 ni la benki, kaka,” alijibu. “Lakini ingia, tukuzungushe.”